Tairi zisizo na upepo, ranflati, za kujiziba au plai 8: ipi inafaa gari lako hapa Dar

Kila video ya zile tairi zisizo na upepo ikipita kwenye magrupu ya WhatsApp, zile zenye mbavu katikati mpaka unaona upande wa pili, lazima mtu aulize Kariakoo zinauzwa duka gani na ni bei gani. Na naelewa kabisa kwa nini watu wanauliza. Ukikaa Goba, Madale, Chanika, Chamazi, popote pale ambapo mtaa mzima unajenga, mbao za kumwagia zege zinatupwa na misumari yake, mvua ikinyesha maji yanasomba kila kitu yanakileta barabarani, asubuhi umeshavaa unawahi kazini unakuta tairi imelala. Ukipiga hesabu ya pancha za mwaka mzima na muda unaopotea na ile hofu ya kushuka kubadili tairi usiku, mtu yeyote atataka kitu kisichotoboka.

Sa ngoja niseme mapema usije ukapoteza muda wako: tairi isiyo na upepo ya gari dogo la kutembelea, yani uingie dukani, ulipe, ufungiwe kwenye IST yako uondoke, haipo. Hata huko zinakotengenezwa mtu wa kawaida bado haingii dukani akanunua. Zinazopatikana kweli ni tairi za aina nyingine, kila moja inapambana na pancha kwa njia yake, na watu wanazichanganya sana, unakuta mtu anataka hii anauziwa ile. Nimeziweka hapa ubavu kwa ubavu na nitasema wazi ipi ningechukua na ipi nisingeigusa.

Zisizo na upepo zimefika wapi

Michelin walionyesha ya kwao ya kwanza, Tweel, mwaka 2005. Ile rimu na tairi ni kitu kimoja, na pale ambapo upepo ungekaa kuna mbavu za plastiki ngumu zinazojikunja na kurudi. Tatizo gari likikimbia zilikuwa zinaleta mtetemo na kelele, kwa hiyo zikaishia kwenye mashine za mwendo mdogo, vile vitrekta vidogo vya kubebea udongo kwenye saiti na mashine za kukatia majani, na huko zinafanya kazi vizuri mpaka leo. Mwaka 2019 Michelin wakishirikiana na General Motors wakatangaza nyingine, Uptis, hii sasa ya magari madogo kabisa, mbavu zake zina mpira mchanganyiko na nyuzi za kioo, na wakasema wanalenga 2024 iwe imeingia kwenye magari ya abiria. 2024 imekuja imepita. Mpaka hapo zilikuwa kwenye majaribio kama yale ya magari ya vifurushi ya DHL kule Singapore kuanzia 2023, halafu posta ya Ufaransa. Angalia ni magari ya aina gani: ya kampuni, yanazunguka mjini kwenye lami nzuri na jioni yanarudi yadi ambako yanakaguliwa. Bridgestone nao walionyesha ya kwao Tokyo mwaka 2011 wakaendelea kuijaribu Japani, Goodyear wakaweka zao kwenye kigari cha abiria kinachojiendesha chenyewe kule Jacksonville, Marekani. Kampuni kubwa zote ziko kwenye mbio hizi na bado hakuna aliyemfungia mwananchi wa kawaida.

Kinachowachelewesha ni kwamba upepo ni springi nzuri kupita maelezo. Kabla ya Dunlop kutengeneza tairi ya upepo mwaka 1888 watu walikuwa wanatembelea mpira mtupu na walijua mateso yake. Upepo ni mwepesi, haupati moto kirahisi, hauchoki, ukigonga jiwe mzigo unagawanyika tairi nzima. Sasa hizo mbavu zinatakiwa zijikunje na kunyooka mara kadhaa kwa kila sekunde gari likiwa kwenye mwendo, mwaka baada ya mwaka, bila kupata moto na bila kuchanika.

Mi naongezea la kwetu. Zile mbavu ziko wazi pembeni. Mtu wa Chanika anajua masika barabara inakuwaje, ule udongo utaingia humo katikati, utakauka upande mmoja, halafu uingie Barabara ya Morogoro ushike 80, usukani utatetemeka mpaka uamue kupaki. Na ukiingia kwenye shimo mbavu mbili tatu zikakatika, hakuna fundi wa kuziziba, ni gurudumu zima linabadilishwa. Nazipenda hizi tairi, natamani zifike, hasa kwa ambulensi na magari ya watu wenye ulemavu ambao hawawezi kushuka kuhangaika na jeki. Ila kwa sasa siyo za kuchagua.

Na hapa kuna kitu kinanikera kwa sababu mtu anaweza kuumia. Wapo wanaokwambia watakujazia tairi mpira mgumu au povu zito ndani "isitoboke maisha". Tairi za kujaza hivyo zipo kihalali kabisa, forklift za bandarini na za kwenye magodauni kule Chang'ombe zinatembelea mpira mtupu, mashine za kwenye machimbo na madampo zinajazwa povu. Lakini zile zinatembea mwendo wa mtu anayekimbia. Mpira unapominywa na kuachiwa unatoa joto, ukiwa mnene joto linabaki ndani, na kadri unavyokimbia ndo linavyozidi, mwishowe tairi inaungua kutokea katikati na kumeguka vipande. Weka na uzito wake unaokula beringi, bushi na shokapu. Gari la kwenda 80 au 100 usilifungie hicho kitu hata ukipewa bure.

Ranflati

Hizi zinajazwa upepo kama kawaida, ila ubavu wake umetengenezwa mnene na mgumu kiasi kwamba upepo ukiisha wote ubavu wenyewe unabeba gari. Zipo barabarani Dar muda mrefu, wengi wanazo bila kujua, hasa wenye BMW za mtumba na baadhi ya Mercedes. BMW ndo waliozisambaza sana kuanzia miaka ya 2000. Ukitaka kujua kama yako ni ranflati soma ubavuni: BMW wanaandika RSC, Mercedes wanaandika MOE, Michelin wana ZP, Bridgestone RFT, Continental SSR, Goodyear ROF.

Kipimo cha kawaida ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 baada ya upepo kuisha. Kwa safari za ndani ya Dar hiyo inatosha na inabaki, umepata pancha Mbezi Beach saa 5 usiku unaendesha taratibu mpaka nyumbani Tabata, unalala, asubuhi ndo unamtafuta fundi. Kwa dada anayeendesha peke yake usiku, au daktari aliyeitwa wodini, hiyo ni faida kubwa na sidhani kama kuna kinachoishinda. Lakini toka nje ya mji uone. Ukitoboka Chalinze, Kibaha unafika, katikati ya jiji kilomita 80 hazikufikishi. Ukitoboka kati ya Morogoro na Dodoma, utafika mji mdogo ambao fundi wake hajawahi kushika ranflati na saizi yako hana, halafu gari halina spea wala jeki kwa sababu waliolitengeneza walikuhesabia ranflati.

Kingine, tairi ya ranflati ikiisha upepo haionekani kwa macho. Inasimama vile vile. Kwa hiyo sensa za upepo kwenye gari lazima ziwe zinafanya kazi, na kwenye magari mengi ya mtumba ile taa ya upepo kwenye dashibodi imeshawaka mwaka mzima, mwenye gari ameizoea. Hapo umeondoa kinga yote, unaweza kutembelea tairi tupu bila kujua. Nilishaona moja ikifunguliwa baada ya kuendeshwa hivyo kwa muda, kwa nje iko safi tu, kashata (ule mpira wa juu unaogusa barabara) bado nene, fundi alipoitoa kwenye rimu ikamwagika unga mweusi, ule mpira wa ndani ya ubavu umejisaga wenyewe ukawa kama masizi, na ukipitisha kidole ndani unakuta mduara mzima umekwaruzika. Tairi ya hivyo haizibwi. Ndo maana watengenezaji wengi wanasema ranflati ikishatembea bila upepo ibadilishwe, hata kama tundu ni la msumari mdogo. Na bei yake mpya ni juu sana kuliko ya kawaida ya saizi ile ile.

Halafu ni ngumu. Kwenye barabara zetu za matuta na mashimo utaisikia mgongoni, na kwa kuwa nyingi zina ubavu mfupi, shimo kali linakunja rimu au linatoa nundu ubavuni, na nundu haina dawa.

Wengi wenye BMW wanafikia hapo wanaamua kufunga tairi za kawaida. Sina ugomvi na hilo, rimu zinakubali na gari linakuwa laini mno. Kosa ni kuishia hapo hapo. Umeondoa ranflati, spea huna, jeki huna, unaenda Tanga na familia. Ukibadilisha badilisha zote nne, usichanganye mbili hizi mbili zile maana gari linashika barabara tofauti mbele na nyuma, kisha nunua spea, hata ile nyembamba ya dharura ilimradi matundu ya nati na tundu la katikati vinaingia kwenye gari lako, nunua na jeki na wili spana.

Za kujiziba zenyewe

Hizi ndo ninazozipenda kuliko zote na ndo watu wanazijua kidogo. Tairi ni ya kawaida, ubavu wa kawaida, ila kwa ndani chini ya kashata wamepaka tabaka la gundi nzito inayonata. Msumari ukiingia gundi inaukumbatia, upepo hautoki. Msumari ukichomoka gundi inaufuata kwenye tundu na kuziba. Continental walizileta na ContiSeal kwenye Volkswagen Passat CC mwaka 2008, siku hizi Pirelli wana Seal Inside, Michelin wana Selfseal, Goodyear wana SealTech, Hankook wana Sealguard. Kipimo chao kwa kawaida ni tundu la mpaka milimita 5, na misumari mingi na skrubu za mabati za mtaani zinaingia humo.

Uzuri wake haikubadilishii gari. Haina ugumu wa ranflati, haikulazimishi kitu, na unaweza usijue kabisa kama ulitoboka. Ubaya ni kwamba inalinda kashata tu, ubavu ukichanwa na jiwe au ukingo wa zege haina la kufanya. Saizi zake nyingi ni za rimu kubwa, mwenye Vitz au Passo asijisumbue kuulizia, mwenye Tiguan, X3 au Harrier mpya anaweza kubahatika. Kuagiza unaweza, ila zikija usishangae fundi wa mtaani akilalamika, kubandika kiraka kwa ndani inabidi kwanza akwangue ile gundi na inanata kila mahali.

Kama gari lako linakubali na hela ipo, kati ya ranflati na hii, kwa mtu wa Dar mi nachagua hii na spea yake kwenye buti. Ranflati inakusaidia ukishatoboka. Hii inafanya msumari usiwe habari, na kwa mtu ambaye adui yake mkubwa ni misumari ya majirani wanaojenga, hiyo ndo hoja.

Dawa ya chupa na jeli

Kuna mbili zinachanganywa. Ya kwanza ni ile unamwaga ndani ya tairi kabla hujatoboka, jeli ya kijani au ya rangi nyingine, inazunguka humo ndani ikisubiri tundu. Kwa bodaboda, bajaji na kirikuu cha kuzunguka sokoni ni nzuri na bei yake inavumilika. Kwa gari la kukimbia siipendi, ile maji maji inahamia upande mmoja gari likisimama, ukishika kasi usukani unatetemeka na balansi haikai. Tena haidumu, watengenezaji wenyewe wanakuhesabia miaka 2 hivi, na kwa joto letu sitegemei zaidi.

Ya pili ni chupa ya dharura, inakuja na kompresa ndogo ndani ya magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni badala ya spea. Ukiwa umeagiza gari funua kapeti la buti uangalie, usije ukagundua huna spea ukiwa Mikumi. Ile chupa ina tarehe ya kuisha muda, na gari la mtumba linapofika Dar mara nyingi tarehe imeshapita. Hata ikiwa nzima, ni ya kukutoa ulipo kwenda kwa fundi, tena kwa mwendo mdogo, na ubavu haizibi. Mwambie fundi kabla hajafungua tairi kwamba umeweka dawa ili asafishe ndani na kwenye sensa.

Plai 8 na ubavu mnene

Sasa hii ndo ya wanaume wa Noah na Hiace. Tairi zilizoandikwa C mwisho wa saizi, kama 195R15C 8PR, ni za gari la mzigo. Plai hapo ni daraja la nguvu, usihesabu kwamba ndani kuna nyuzi tabaka 8, ila ni kweli zinabeba zaidi na ubavu wake unavumilia mawe kuliko tairi laini ya gari dogo la saluni. Daladala zisingeweza kuishi bila hizi. Kwa Noah ya kubeba watu 8 na mizigo kwenda kijijini zinafaa kabisa.

Ila kuna watu wanafunga plai 8 kwenye Premio wakidhani ndo dawa ya pancha. Msumari uliosimama wima hauulizi plai ngapi, unaingia. Ulichopata ni gari gumu, linaruka ruka, na breki ya kwenye mvua inakuwa mbaya zaidi kwa sababu tairi imetengenezwa kwa uzito ambao gari lako halina. Plai inasaidia kwenye mawe, mashimo na mzigo. Kwenye misumari inasaidia kidogo sana.

Kwa Prado, Hilux na wenzao wanaoshinda barabara za vumbi, kuna tairi za njia mbovu zenye ubavu ulioongezwa nguvu, kama BFGoodrich KO2 yenye tabaka tatu ubavuni, au Goodyear Wrangler MT/R iliyowekwa nyuzi za Kevlar. Mtu anayejenga Kigamboni ndani ndani ambako barabara imejazwa yale mawe ya matumbawe yenye makali anapata faida halisi hapa, maana yale mawe hayatoboi kashata, yanachana ubavu, na ubavu ukichanika hata ile ya kujiziba imekwisha kazi. Utalipa kwa kelele na mafuta kidogo zaidi.

Ya kawaida, na fundi pancha wako

Nimeiacha mwisho ila kwa watu wengi wanaosoma hapa ndo jibu. Tairi mpya ya kawaida isiyo na tyubu, ya kampuni inayoeleweka, presha sahihi, spea nzima. Dar ina kitu ambacho miji mingi ya wenye hela haina: fundi pancha kila kona, mpaka usiku. Unamkuta chini ya mwembe na kompresa yake, anamwaga maji ya sabuni juu ya tairi, anaizungusha taratibu, pale povu linapochemka anaweka alama ya chaki, anachomoa skrubu kwa plaizi, anaingiza kile chuma chenye meno kama tupa anasugua tundu, anasukuma ule uzi wa mpira uliopakwa gundi, anakata ncha kwa wembe, anamwagia tena maji ya sabuni kuhakikisha. Dakika 10 na kwa kawaida haizidi elfu kumi. Kwa huduma hiyo iliyo karibu hivyo, kulipia ranflati nne kwa ajili ya safari za Sinza na Posta ni hela nyingi kwa tatizo dogo.

Kuna sehemu mbili za kumkatalia, hata awe rafiki. Tundu likiwa ubavuni au kwenye bega la tairi, usikubali uzi, pale tairi inajikunja kila mzunguko na kiraka kitaachia ukiwa kwenye mwendo. Na tundu kubwa kuliko milimita 6 halizibwi, na tairi iliyotembea bila upepo usikubali izibwe kabla ya kufunguliwa uone ndani. Kama unasafiri mbali, mwombe abandike kiraka cha ndani badala ya uzi peke yake.

Na upepo jamani. Tairi nyingi zinazopasuka njiani zilianza kufa siku nyingi kwa kukosa upepo, ubavu unajikunja kupita kiasi, unapata moto, siku moja jua kali na mzigo umejaa inapasuka. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kwenye nguzo kimeandikwa presha ya gari lako, magari mengi madogo ni kati ya psi 30 na 35 (psi ndo kipimo cha upepo). Pima asubuhi kabla hujatembea, kwa sababu joto la tairi likipanda nyuzi 10 presha inapanda kama psi 2, ukipima mchana baada ya foleni ya Mandela utadhani uko sawa kumbe uko chini. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti na kipimo chake ni vitu ningenunua kabla ya tairi yoyote ya ajabu.

Kwa hiyo nani achukue nini

Una IST, Vitz, Premio, Passo, unazunguka mjini: tairi mpya za kawaida, spea, kompresa. Usinunue za mtumba kutoka Japani kwa sababu tu kashata ni nene, mpira unazeeka ukiwa umekaa, na tairi iliyozeeka inapasuka bila msumari wowote.

Una BMW au Mercedes yenye ranflati na sensa zinafanya kazi, unaendesha sana usiku ndani ya mji: baki na ranflati, lipia. Sensa zimekufa: tengeneza sensa au hamia za kawaida zote nne na spea, katikati hapo hakuna usalama.

Una gari lenye rimu 17 kwenda juu, misumari inakusumbua: ulizia za kujiziba. Hii ndo hela ambayo ningeitoa kwa moyo mweupe.

Noah na Hiace za mzigo: C, 8PR, na presha yake ya mzigo siyo ya saluni. Prado na Hilux za kwenda shamba: ubavu ulioongezwa nguvu, na spea iwe saizi ile ile.

Bodaboda na bajaji: jeli. Forklift: mpira mtupu.

Ukiwa dukani Kariakoo, kabla hujatoa hela, tafuta kwenye ubavu neno DOT na tarakimu 4 za mwisho, 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Ikiwa ya miaka mingi nyuma irudishe hata kama ina nailoni zake bado. Hakikisha namba ya mzigo (uzito ambao tairi inabeba) na herufi ya kasi (mwendo wa juu inaouvumilia) hazipungui zile za kwenye kibandiko cha mlango. Wakishafunga waambie wabalansi, na alaimenti ufanye siku hiyo hiyo.

Halafu kabla hujatoka hapo dukani wakati fundi yupo, mwambie ashushe spea aipime upepo, na angalia nati zako. Baadhi ya magari ya mtumba yanakuja na nati moja ya usalama kwenye kila gurudumu, ile yenye mdomo wa ajabu usioingia spana ya kawaida, na funguo yake ilishabaki Japani. Kama huioni kwenye gari, zing'olewe hapo hapo zifungwe nati za kawaida.